Mashabiki wa Montréal walibishania nini hasa kuhusu Juraj Slafkovský?

Usiku wa tarehe 7 Julai 2022, mashabiki waliujaza ukumbi wa Bell Centre mjini Montréal wakisubiri jina moja. Klabu yao, Canadiens, ilikuwa na zamu ya kwanza katika drafti ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, na kwa muda mrefu karibu kila mtu alikuwa akimtaja Shane Wright, senta (mshambuliaji wa kati) kutoka Burlington, Ontario. Lilipotajwa, likawa la Juraj Slafkovský, winga wa miaka 18 kutoka Košice, Slovakia. Wa pili akawa Mslovakia mwenzake, beki Šimon Nemec, aliyekwenda New Jersey. Wa tatu, Mmarekani Logan Cooley, akachukuliwa na Arizona. Wright alisubiri hadi nafasi ya nne, ndipo Seattle Kraken wakamwita.

Ubishi juu ya chaguo lile ulianza miezi kadhaa kabla ya usiku wenyewe na bado unaendelea. Nimeufuatilia kwa shauku, na ninaamini haumaliziki kwa sababu wanaobishana wanajibu maswali tofauti huku kila mmoja akidhani ni swali moja. Huyu anauliza nani anacheza vizuri zaidi leo. Yule anauliza nani atakuwa bora akifika miaka 24. Wa tatu anataka kijana ambaye hata mambo yakienda kombo hatakosa kuwa mchezaji wa kueleweka. Wa nne anaangalia kikosi na kuuliza pengo liko wapi. Kijana mmoja anaweza kuibuka kidedea kwenye swali moja na kuanguka kwenye lingine, na hapo hakuna anayedanganya.

Aliyezoea soka anahitaji kwanza kuelewa utaratibu. Simba au Yanga wakimtaka kinda, wanazungumza na klabu yake, wanalipa, mambo yanakwisha. NHL haiendi hivyo. Kijana akishafika umri wa drafti, yaani awe ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15, timu 32 huchagua kwa zamu katika raundi saba. Timu iliyomchagua ndiyo pekee yenye haki ya kumsajili katika ligi hiyo kwa kipindi maalumu, atake asitake kuishi mji huo. Zamu huanza na timu dhaifu, lakini nafasi za juu hupigiwa bahati nasibu ili timu zisivutiwe kupoteza mechi makusudi. Canadiens walimaliza msimu wa 2021–22 wakiwa mkiani mwa ligi nzima na pointi 55, na Mei 2022 bahati nasibu ikawaachia zamu ya kwanza.

Kuna na suala la pesa. Kila timu ina kikomo cha jumla ya mishahara, na mkataba wa kwanza wa kinda una kikomo chake: kwa waliochaguliwa 2022, mshahara wa msingi haukuruhusiwa kuzidi dola 950,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Anayepatia anapata kazi ya nyota kwa bei ya mchezaji wa kawaida, na fedha zinazobaki anaimarishia sehemu nyingine za timu. Anayekosea hana dirisha la Januari la kwenda kununua mwingine. Ndiyo maana shabiki anamjadili mtoto wa miaka 17 kwa ukali ambao kwa mtu wa nje unaonekana hauna sababu.

Neno "namba moja" lenyewe ni mzigo. Vijana wa Kenya Ice Lions, timu inayofanya mazoezi katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, walialikwa Kanada mwaka 2018 na wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wote wawili walichaguliwa wa kwanza: Crosby 2005, MacKinnon 2013. Crosby ameipa Pittsburgh Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, mara tatu, MacKinnon akaipa Colorado mwaka 2022, siku chache tu kabla ya drafti tunayoizungumzia. Shabiki akisikia namba moja, hao ndio anaowaona. Lakini namba moja mwingine ni Alexandre Daigle, aliyechaguliwa na Ottawa 1993, ambaye siku hiyo alisema amefurahi kuwa wa kwanza kwa sababu hakuna anayemkumbuka wa pili. Wa pili alikuwa Chris Pronger, beki ambaye leo yumo katika Jumba la Heshima la hoki. Namba moja mwingine ni Nail Yakupov, chaguo la Edmonton mwaka 2012, ambaye hakufikisha hata mechi 400 katika ligi hiyo.

Montréal ina jeraha lake la pekee. Kabla ya 2022, mara ya mwisho Canadiens kuchagua wa kwanza ilikuwa 1980. Mwaka ule kulikuwa na Denis Savard, kijana aliyekulia mjini hapo hapo na kuchezea timu ya vijana ya mji huo, kipenzi cha watu. Klabu ikamwacha ikamchukua Doug Wickenheiser, senta mwenye mwili mkubwa kutoka magharibi mwa Kanada. Savard alichukuliwa wa tatu na Chicago, akamaliza maisha yake ya uchezaji na pointi 1,338 za mabao na asisti. Wickenheiser alimaliza na 276. Kwa hiyo klabu ilipomruka tena kijana aliyezoeleka na kumchukua mwenye umbo kubwa kutoka mbali, wazee wa Montréal waliokuwa wakibishana walikuwa wanabishana na mwaka 1980 kadiri walivyobishana na 2022. Mtu asiyeijua hadithi hiyo hawezi kuelewa ile hofu.

Pointi 94 dhidi ya pointi 10

Sasa tuje kwenye takwimu, maana hapa ndipo watu walipotoana jasho.

Wright alikuwa na rekodi ya kumtetea mbele ya mtu yeyote. Mwaka 2019 alipewa kibali maalumu cha kuingia ligi ya vijana ya Ontario, OHL, akiwa na miaka 15, mwaka mmoja kabla ya umri wa kawaida. Vibali hivyo hutolewa kwa nadra sana. Connor McDavid alikipata kabla yake. Msimu wake wa kwanza na Kingston Frontenacs alifunga mabao 39 na kumaliza na pointi 66 katika mechi 58. (Katika hoki, mchezaji hupata pointi moja kwa bao na moja kwa kila pasi iliyozaa bao, na bao moja linaweza kuwa na asisti mbili.) Kisha ugonjwa wa Covid ukafuta msimu mzima wa 2020–21 wa OHL. Alipopata uwanja tena, kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18 kule Texas mwaka 2021, alikuwa nahodha wa Kanada na alipata pointi 14 katika mechi tano. Kanada ikatwaa ubingwa. Msimu wa drafti wenyewe alimaliza na pointi 94 katika mechi 63.

Slafkovský, msimu huo huo, alikuwa na TPS ya Turku, Finland. Mechi 31, mabao 5, asisti 5. Pointi kumi.

Ukisoma hapo tu, hakuna mjadala. Lakini Wright alikuwa anacheza na vijana wa miaka 16 hadi 20, na Slafkovský alikuwa anacheza na watu wazima, wanaume wenye watoto nyumbani, katika ligi ya juu ya nchi inayoijua hoki. Kocha wa ligi kama hiyo hana sababu ya kumpa mtoto wa miaka 17 dakika nyingi wala kumweka kwenye pawapleya, ule muda ambao mpinzani amepungukiwa mtu na mabao huja kwa urahisi zaidi. Wachambuzi wa takwimu wana njia ya kukadiria: wanaangalia wachezaji wote waliohama kutoka ligi fulani kwenda NHL, wanapima pointi zao zilishuka kwa kiasi gani, kisha wanaipa kila ligi uzito wake. Pointi moja ya Finland hubeba uzito mkubwa kuliko pointi moja ya Ontario. Hata hivyo njia hiyo nayo haikumpa Slafkovský ushindi. Pointi kumi ni chache hata ukizipa uzito. Waliomtetea walikuwa na ushahidi mwingine.

Februari 2022, kwenye Olimpiki ya Beijing, alikuwa mtoto wa miaka 17 akifunga mabao saba katika mechi saba. Slovakia ikapata shaba, medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki, na yeye akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Mei mwaka huo, kwenye ubingwa wa dunia wa wakubwa nchini Finland, akapata pointi tisa katika mechi nane. Waliompinga walijibu, na jibu lao lilikuwa zito: NHL haikupeleka wachezaji wake Beijing kwa sababu ya Covid, kwa hiyo aliwafunga watu ambao si wale atakaokutana nao Montréal. Tena mechi saba ni chache mno. Mchezaji yeyote anaweza kuwa na wiki mbili za moto. Wa upande wa pili nao wakarudi: basi hata zile mechi tano za Wright kule Texas zitupeni, maana ni chache zaidi na zilichezwa na watoto.

Binafsi naona hoja ya mechi chache ilikuwa sahihi na bado haikutosha. Skauti anayekwenda kumtazama kinda hahesabu mabao tu. Chukua tukio moja dogo linalojirudia katika kila mechi: winga anapokea kile kisahani cheusi cha mpira mgumu akiwa amebanwa kwenye ukuta wa uwanja, beki yuko mgongoni. Anayo sekunde moja. Je, ameshaangalia nyuma kabla hakijamfikia? Anageuza nyonga kumzuia beki na kukificha kisahani kwa mwili, au anakisukuma tu mbele ili kimtoke? Akishageuka, kichwa kiko juu au anatazama gongo lake? Slafkovský, mwenye urefu wa takriban sentimita 193 na zaidi ya kilo 100, alikuwa anawageuka watu wazima pale ukutani na kutoka nacho. Hilo halionekani kwenye jedwali la pointi, na mwili wa namna ile haufundishwi mazoezini. Lakini kichwa chake mara nyingi kilikuwa chini. Kwa hiyo katika tukio hilo hilo moja, anayempenda aliona kitu kisichofundishika, na asiyempenda aliona kosa la hatari. Wote wawili walikuwa wameona vizuri.

Wright ukimtazama pale pale ulimwona kijana anayefanya jambo sahihi karibu kila mara na kushangaza mara chache. Kwa anayeuliza nani hatatuangusha, huyo ndiye. Kwa anayetafuta mtu wa kugeuza mechi ya mtoano peke yake, shaka ilibaki. Na kulikuwa na swali la nafasi: senta ni kiungo wa timu ya hoki, ni adimu kuliko winga, na Canadiens walikuwa na Nick Suzuki tu wa kiwango hicho. Klabu ilionekana imelisikia swali hilo, maana usiku ule ule ilimpata senta Kirby Dach kutoka Chicago kwa mabadilishano.

Miaka miwili ya "mrudisheni"

Msimu wa kwanza ulimpa silaha kila aliyemkataa. Slafkovský alicheza mechi 39, mabao 4, asisti 6, akaumia goti Januari 2023 na msimu ukaishia hapo. Aligongwa vibaya mara kadhaa kwa sababu ya kile kichwa kuwa chini. Msimu wa pili nao ulianza kwa kusuasua, na mjini ukazuka mjadala mpya: ashushwe Laval, timu ya Canadiens katika ligi ya daraja la chini ya AHL, akajifunze kufunga.

Mjadala huu una kanuni ambayo wengi waliichanganya. Vijana wanaochaguliwa kutoka ligi za vijana za Kanada, kwa makubaliano yaliyokuwepo, walikuwa hawaruhusiwi kucheza AHL kwa kawaida mpaka wakaribie miaka 20. Timu inachagua kati ya kuwabakiza NHL au kuwarudisha kwa watoto. Slafkovský alitoka Ulaya, hivyo mlango wa Laval ulikuwa wazi kwake tangu siku ya kwanza. Wright alikuwa amefungiwa. Katika msimu wa 2022–23 Seattle walimchezesha mechi nane tu za NHL, moja kati ya hizo dhidi ya Montréal, alikofunga bao lake la kwanza la ligi. Akaazimwa AHL kwa muda mfupi, akaenda kuinyanyulia Kanada ubingwa wa dunia wa vijana kama nahodha, kisha akarudishwa OHL. Msimu mmoja, timu nne au tano, kila moja na kocha wake. Anayelinganisha wachezaji hawa wawili bila kutaja njia walizopitishwa anailinganisha mipango ya klabu zao bila kujua.

Canadiens hawakumshusha. Kocha wao Martin St. Louis alikuwa mtu wa aina yake kufanya uamuzi huo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Ana urefu wa takriban sentimita 173, akaambiwa ni mdogo, na bado alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi na Kombe la Stanley mwaka 2004 akiwa Tampa Bay, kabla ya kuingia Jumba la Heshima 2018. Alimweka Slafkovský pamoja na Suzuki na Cole Caufield, wafungaji wakuu wa timu, akamwacha pale akosee mbele ya watu. Sehemu kubwa ya mabao ilikuja baada ya mwaka mpya. Aprili 2024 akapiga hat-triki yake ya kwanza dhidi ya Philadelphia. Alimaliza na mabao 20 na asisti 30 katika mechi zote 82.

Je, hilo linathibitisha kwamba kumbakiza kulikuwa sahihi? Linathibitisha kwamba hakukumharibu. Huenda Laval ingempa kujiamini mapema zaidi; huenda ingemfundisha tabia za kupita kwa nguvu tu. Hakuna Slafkovský wa pili wa kumjaribia njia nyingine, na nadhani hapa wapenzi wa klabu walijipa ushindi haraka mno.

Yule ambaye hawakumbishania

Chukua hesabu mpaka mwisho wa msimu wa 2024–25. Slafkovský: mechi 200, pointi 111. Wright alikuwa ndiyo kwanza amemaliza msimu wake kamili wa kwanza, mabao 19 na pointi 44 katika mechi 79, msimu mzuri wa kijana wa miaka 21 ambaye wengi walikuwa wameshamzika. Na Cooley, yule wa tatu ambaye mashabiki wa Montréal walimtaja kwa pembeni tu, alikuwa na pointi 109 katika mechi 157; kwa kila mechi, amewapita wote wawili. Mjadala wa watu wawili ulimficha wa tatu. Hilo hutokea mara nyingi. Mwaka 2017 ligi nzima ilibishana kama ni Nico Hischier au Nolan Patrick. Patrick akatatizwa na kipandauso na maisha yake ya hoki yakakatika mapema, na aliyeibuka mkubwa kuliko wote ni Cale Makar, beki aliyechaguliwa wa nne akitoka ligi ya vijana ya Alberta ambayo watu walisema ni dhaifu mno kumpima mtu.

Lakini kwa Montréal kuna jina linalonishangaza zaidi. Katika drafti ile ile ya 2022, mwishoni mwa raundi ya pili, nafasi ya 62, Canadiens walimchukua beki Lane Hutson. Alikuwa mfupi, hafikii sentimita 180, na kwa beki hilo lilitosha kuzifanya timu nyingi zimpite, wakiwemo Canadiens wenyewe mara kadhaa. Msimu wa 2024–25 alipata asisti 60, akaifikia rekodi ya beki wa msimu wa kwanza katika ligi iliyowekwa na Larry Murphy msimu wa 1980–81, na kutwaa tuzo ya Calder ya mchezaji bora aliye katika msimu wake wa kwanza mbele ya Macklin Celebrini, aliyekuwa namba moja wa 2024. Mchezaji wa mwisho wa Canadiens kuitwaa kabla yake alikuwa kipa Ken Dryden, mwaka 1972. Wino uliomwagwa juu ya Hutson usiku wa drafti ulikuwa kidogo sana ukilinganisha na ule wa Slafkovský na Wright. Sentimita zile zile zilizompandisha mmoja ndizo zilizomshusha mwingine, na waliopima ni wale wale.

Siku hizi ubishi umehamia kwenye bei. Julai 2024 Slafkovský alisaini miaka minane kwa jumla ya dola milioni 60.8, yaani milioni 7.6 kwa mwaka, kuanzia msimu wa 2025–26 hadi 2032–33. Waliosema ni nyingi kwa mtu aliyekuwa na nusu msimu mmoja tu wa maana walikuwa na haki ya kusema hivyo siku ile. Msimu uliofuata alipata pointi 51, moja zaidi ya mwaka uliotangulia, na kila upande ukaisoma hiyo moja kwa namna yake. Wakati huo huo ligi ikatangaza kwamba kikomo cha mishahara cha kila timu kitapanda kutoka dola milioni 88 hadi 95.5, kisha 104, kisha 113.5 kufikia msimu wa 2027–28. Milioni 7.6 ndani ya 88 ni kama asilimia 8.6, ndani ya 113.5 haifiki asilimia 7. Kwa bei hiyo, Slafkovský hahitaji tena kuwa Crosby ili klabu iwe imepatia. Anahitaji kuwa winga wa mstari wa kwanza asiyeumia mara kwa mara. Shabiki anayempima kwa namba moja ya 2022 na yule anayempima kwa mkataba wa 2024 wataendelea kumtazama mchezaji yule yule, katika mechi ile ile, na kila mmoja kurudi nyumbani na hukumu yake.